Kiswahili chatoka jikoni: 'Vuta N'kuvute' na riwaya nyengine zilizogeuzwa sinema

Na Waandishi Wetu

Jioni moja ya baridi, huku ugenini tuliko, tulikusanyika watu saba katika sebule ya mwenzetu kuangalia filamu ya Vuta N'kuvute. Chai ya maziwa ilikuwa mezani, visheti vilikuwa kwenye sinia, na kila mmoja wetu alikuja na Yasmin wake kichwani. Wawili kati yetu waliisoma riwaya hiyo kwa ajili ya mtihani wa kidato cha sita, na mpaka leo wanaweza kukutajia dhamira zake kwa mpangilio kama vile msahihishaji yuko mlangoni. Mwengine alikuja na kitabu chenyewe, jalada limeng'oka na kurasa za mwanzo zimeshikizwa kwa gundi. Na alikuwepo bibi mmoja, mzaliwa wa Ng'ambo ya Unguja, ambaye riwaya hiyo hajaisoma kabisa, kwani ilipotoka mwaka 1999 macho yake yalikuwa yameshaanza kumgomea.

Dakika kumi za mwanzo zilikwenda kwa ubishi. Yasmin hakuwa hivi. Denge alikuwa mrefu zaidi. Mbona wamerukia huku? Msomaji aliyekaa na kitabu miaka ishirini huwa ni kama mkwe, hakuna bibi harusi atakayemridhisha. Bibi akatukemea tunyamaze, alitaka kusikia. Filamu ilipokwisha ndipo alipotwambia jambo ambalo ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Alisema tangu utoto wake ameangalia sinema za Kihindi, za Kiarabu, za makauboi na za makarate, na kila mara palikuwa na mtu wa kumnong'oneza kinachosemwa, au alijitungia maneno mwenyewe. Hii ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa mbele ya sinema iliyozungumza naye moja kwa moja, kwa lugha ya mtaani kwao, bila ya mkalimani.

Tumelifikiria sana neno hilo. Watu wanapozungumzia riwaya zilizogeuzwa filamu, suala la kwanza huwa ni uaminifu: je, filamu imefuata kitabu au imekipotosha? Ni suala la haki na tutalifikia. Lakini kwa watu wa lugha yetu lipo jengine linalolitangulia. Hadithi inapopanda kwenye pazia, nani hasa anayepewa kuzungumza?

Kitabu chenyewe

Kwa wasiokijua, Vuta N'kuvute ni riwaya ya Shafi Adam Shafi, Mzanzibari ambaye kabla ya hapo alikwishatuandikia Kasri ya Mwinyi Fuad na Kuli. Kuli, iliyotoka mwaka 1979, ni kisa cha wachukuzi wa bandarini na mgomo wao wa mwaka 1948. Vuta N'kuvute ilichapishwa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam, ikaingia katika orodha ya vitabu vya skuli Tanzania, na kwa njia hiyo ikasomwa na vijana ambao pengine wasingeigusa kwa hiari yao.

Kisa ni cha Zanzibar ya miaka ya 1950, Mwingereza akiwa bado ameshika hatamu. Yasmin ni msichana wa Kihindi, mdogo bado, anaozwa kwa Bwana Raza, mfanyabiashara mwenye umri wa kuwa baba yake. Anamkimbia. Watu wake wanamfungia mlango, na anayempokea ni Mwajuma, mwanamke wa Kiswahili wa Ng'ambo, mwenye chumba kidogo na moyo mkubwa. Huko ndiko anakokutana na Denge, kijana aliyesoma Urusi, ambaye pamoja na wenzake anaendesha harakati za siri dhidi ya ukoloni huku Inspekta Wright akimwinda. Kuna mapenzi, kuna jela, kuna safari za baharini hadi Mombasa. Mwandishi anakwenda na mhusika wake popote anapokwenda, hana haraka, na mazungumzo yake ni matamu kiasi kwamba unaweza kuyasoma kwa sauti barazani na watu wakacheka pale pale panapostahili.

Hiyo sauti ndiyo mali ya kitabu. Ukimwambia mtu kisa chake kwa sentensi tano, kama tulivyofanya hapa, hujamwambia kitu. Kinachobaki kwa msomaji ni namna Mwajuma anavyosema.

Filamu iliongozwa na Amil Shivji, kijana wa Dar es Salaam ambaye watu walikuwa wameshamjua kwa T-Junction ya mwaka 2017. Ikhlas Gafur Vora anacheza Yasmin, Gudrun Columbus Mwanyika anacheza Denge, na Mwajuma amechezwa na Siti Amina, ambaye kwa kazi yake ni mwanamuziki wa huko huko Zanzibar. Ilionyeshwa mara ya kwanza Toronto mwezi wa Septemba 2021, ikitajwa kuwa ya kwanza kutoka Tanzania kufika katika tamasha hilo. Mwaka uliofuata Tanzania iliipeleka kuwania Oscar katika fungu la filamu za kimataifa. Haikuingia katika waliochaguliwa. Lakini kupelekwa tu ni habari, maana kabla ya hapo nchi ilikuwa imepeleka filamu moja tu, Maangamizi, mwaka 2001.

Mwezi mmoja baada ya Toronto, tarehe 7 Oktoba 2021, Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari mwengine, akatangazwa mshindi wa Nobel ya fasihi. Tunakumbuka simu zilivyokuwa zikilia wiki hizo. Kuna mtu alituuliza kwa mzaha kama kisiwa kimepata mafuta.

Lugha ya mpishi

Si kwamba Kiswahili hakijawahi kusikika katika sinema kubwa za dunia. Kimesikika. Suala ni kilisikika kutoka kinywani mwa nani.

Wenzetu mnaoishi Ujerumani mtakuwa mnaijua Nirgendwo in Afrika. Stefanie Zweig aliitoa mwaka 1995, riwaya iliyotokana na maisha yake mwenyewe, na Wajerumani wakainunua kwa wingi. Ni kisa cha familia ya Kiyahudi iliyowakimbia Wanazi mwaka 1938 ikaishia shambani Kenya. Baba alikuwa wakili kwao, huku anasimamia ng'ombe wa mtu. Mama anataka kurudi. Mtoto, Regina, ndiye anayeipenda nchi, na anayemfundisha nchi hiyo ni mpishi wao, Owuor. Caroline Link aliigeuza filamu mwaka 2001, na mwaka 2003 ikashinda Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni.

Ndani yake Kiswahili kimejaa, na si cha kubabaisha. Owuor amechezwa na Sidede Onyulo, mwigizaji wa Kenya aliyefariki mwaka 2008, na kwa maoni yetu yeye ndiye nguzo ya filamu ile. Kuna utu katika kila anachokisema. Tunaipenda filamu hiyo na hatuoni haya kusema hivyo. Hata hivyo, mwisho wa yote Kiswahili mle ndani ni lugha ya jikoni na ya shambani. Ni lugha ambayo mgeni anajifunza ili aweze kuishi, kisha anaondoka. Owuor ana watoto, ana kwao, lakini hatumfuati huko. Hadithi si yake.

Miaka miwili baadaye ikaja zamu ya The Constant Gardener. John le Carré, bingwa wa riwaya za kijasusi, aliiandika mwaka 2001: mke wa mwanadiplomasia wa Kiingereza wa Nairobi anauawa karibu na Ziwa Turkana, na mumewe anapoanza kuuliza kwa nini, anakutana na kampuni ya dawa inayowafanyia majaribio maskini. Mwongozaji alikuwa Fernando Meirelles wa Brazil, ambaye alishapata jina kwa filamu nyengine ya riwaya, City of God. Aliwapeleka Ralph Fiennes na Rachel Weisz mpaka Kibera penyewe na mpaka Loiyangalani, badala ya kujenga vibanda vya uongo sehemu nyengine. Filamu ikatoka mwaka 2005, Rachel Weisz akapata Oscar, na watengenezaji wakaanzisha mfuko wa kusaidia elimu katika sehemu walizopiga picha. Hayo ni mema na tunayaandika kama mema.

Lakini angalia kwa makini. Ni filamu inayosema kwa hasira kwamba maisha ya Mwafrika yanachukuliwa kuwa ya bei rahisi, na wakati huo huo Mwafrika mle ndani anapita nyuma ya mwenye kisa. Hatumlaumu le Carré, aliandika juu ya watu anaowajua, yaani maofisa wa Kiingereza na dhamiri zao. Ila mkaazi wa Kibera akiangalia atauona mtaa wake vizuri sana, na atajisikia mwenyewe kidogo sana.

Waliorudisha maneno kinywani

Sasa usiku ule ule Rachel Weisz alipopokea sanamu yake, Machi 2006, palitokea jambo ambalo linatuhusu zaidi. Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni ilikwenda Afrika Kusini, kwa Tsotsi.

Tsotsi ni riwaya pekee ya Athol Fugard, anayejulikana zaidi kwa tamthilia zake. Aliiandika kwa Kiingereza mwanzoni mwa miaka ya 1960 na ikachapishwa mwaka 1980. Ni kisa cha jambazi kijana aliyejikuta ana mtoto mchanga mikononi. Mwongozaji Gavin Hood alifanya mambo mawili makubwa. Kwanza alikitoa kisa katika Sophiatown ya miaka ya 1950 akakileta katika Johannesburg ya wakati wetu. Pili, na hili ndilo tunalolitaka, hakuwaacha vijana wale wazungumze Kiingereza cha kitabu. Wanazungumza kama vijana wa mtaa wanavyozungumza, Kizulu, Kixhosa na ile lugha ya mchanganyiko ya vijiweni. Kwa hiyo ikatokea ajabu: filamu iliyobadilisha karne na maneno ikawa karibu zaidi na wahusika kuliko kitabu kilichowazaa.

Mzee wa njia hiyo ni Ousmane Sembène wa Senegal. Kabla ya kuwa mwandishi alikuwa kuli bandarini Marseille, na tunadhani yeye na Shafi wangepatana vizuri. Aliandika riwaya kwa Kifaransa, zikasifiwa, kisha akatazama nyuma akaona watu wake hawazisomi, wengi kwa sababu hawakusoma na waliobaki kwa sababu Kifaransa si lugha yao ya nyumbani. Akaenda Moscow kujifunza sinema, naye alikuwa mtu mzima tayari. Mwaka 1968 alichukua kisa chake mwenyewe, Le Mandat, akakitengeneza filamu ya Mandabi, na wahusika wakazungumza Kiwolof. Baadaye akafanya hivyo hivyo kwa Xala, riwaya ya mwaka 1973 na filamu ya mwaka 1975, akiwacheka vigogo wapya wa nchi yake mpaka wakaguzi wakaichukulia mkasi.

Hivyo Sembène alitumia filamu kuirudisha hadithi kwa wenyewe. Kwa Shafi kazi hiyo haikuhitajika, kwani kitabu kilikuwa cha Kiswahili tokea mwanzo. Hatari kwake ilikuwa upande wa pili. Ingewezekana kabisa mtu akaichukua Vuta N'kuvute, akaona mapenzi, majasusi, mji wa kale na machweo ya jua, akaitengeneza kwa Kiingereza chenye lafudhi ili iuzike. Half of a Yellow Sun ya Chimamanda Ngozi Adichie, filamu ya mwaka 2013, ilikwenda kwa Kiingereza, na ingawa waigizaji wake ni hodari, kuna mahali unahisi watu wanazungumza na wewe mtazamaji na si wao kwa wao.

Shivji hakufanya hivyo. Katika filamu yake Kiswahili ndicho wanachopendania Yasmin na Denge, ndicho wanachopangia njama za uhuru, ndicho Mwajuma anachomsutia asiyejua heshima. Walioko Toronto waliisoma tafsiri chini ya pazia. Kwa mara moja wao ndio waliohitaji mkalimani.

Kilichokatwa

Baada ya kusifu, tuseme na yaliyotukera.

Wenye kazi yao hukadiria ukurasa mmoja wa skripti kwa dakika moja ya picha. Filamu ya saa moja na nusu ni kurasa tisini hivi, tena kurasa zenye nafasi nyingi. Riwaya ya Shafi haingii humo hata ukiikunja mara nne. Kwa hiyo mengi yameachwa, na mwenye kukumbuka kila mtu anayepita kitabuni atatoka na orodha ya waliopotea. Yule mwenzetu wa kitabu kilichong'oka jalada alikuwa akihesabu kwa vidole. Katika filamu Yasmin ni mwanamke aliyeikimbia ndoa, Denge ni kijana anayepigania nchi, na picha inakaa juu ya hao wawili na mji wao. Mwendo ni wa pole pole. Kuna wakati kamera inaangalia ukuta na mwanga wa taa mpaka unajiuliza kama imesahau kuondoka. Riwaya haikuwa hivyo hata kidogo. Shafi ana mbio, ana vichekesho, ana polisi wanaoaibika. Vichekesho hivyo tulivikosa sana, na tunadhani filamu ilijinyima silaha, kwani mkoloni anayechekwa hudhoofika haraka kuliko anayechukiwa.

Wapo watunzi waliokasirika kwa kidogo kuliko hicho. Wazee wetu wanaomkumbuka Dev Anand wataikumbuka Guide ya mwaka 1965, yeye na Waheeda Rehman. Ilitokana na riwaya ya R. K. Narayan ya mwaka 1958. Narayan aliweka visa vyake katika Malgudi, mji mdogo wa kubuni wa India ya Kusini, wenye soko, mto na stesheni yake. Watengenezaji wakaona mji huo ni mdogo mno kwa filamu ya rangi, wakaupeleka mchezo mzima kwenye makasri ya Rajasthan. Sinema ikapendwa mno na inapendwa mpaka leo. Narayan hakusamehe, aliandika malalamiko yake yakachapishwa. Wanaosema ni ukaidi wa mtunzi tu hawajafikiri. Kwa mtu aliyejenga mji mzima kwa kalamu, kuambiwa kwamba mji wake unaweza kuwa popote ni kuambiwa kwamba haukuwepo.

Devdas nayo ni kisa cha peke yake. Sarat Chandra Chattopadhyay aliitoa mwaka 1917, na kila kizazi cha Wahindi kimejitengenezea yake: ya mwaka 1935 kwa Kibengali, ya mwaka 1955 ya Dilip Kumar, ya mwaka 2002 ya Shah Rukh Khan yenye mapambo ya kumtia mtu kiwewe. Hakuna anayegombana tena ipi ndiyo yenyewe. Kitabu kikitengenezwa mara nyingi, kila mtu anapata chake. Sisi tuna moja tu, ndiyo maana tunaikaba koo.

Na kuhusu mahali, Vuta N'kuvute ilikuwa na mtihani ambao Guide haikuwa nao. Mahali penyewe pameondoka. Mji Mkongwe bado umesimama, na tangu mwaka 2000 umo katika urithi wa dunia wa UNESCO, ingawa nao unamomonyoka. Beit al-Ajaib iliporomoka sehemu yake siku ya Krismasi mwaka 2020 ikaua watu. Lakini Ng'ambo ya Mwajuma, ile ya vibanda vya udongo na makuti, ilibadilishwa sana baada ya Mapinduzi ya 1964, pale yalipojengwa majumba marefu ya Michenzani kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki. Mtu akitaka kupiga picha Ng'ambo ya miaka ya 1950 hana budi aitafute vipande vipande, uchochoro huu hapa, mlango ule kule, na usiku umfichie yaliyobaki. Tukiikumbuka hali hiyo tunaanza kuelewa kwa nini kamera iling'ang'ania kuta.

Bibi yetu hakusumbuliwa na hilo. Alisema vichochoro vimechanganywa, ila sauti za watu usiku ndizo zile zile.

Kwa nini ni chache

Msomaji atauliza: lugha yenye wasemaji mamilioni na riwaya za kupendwa tangu miaka ya 1960, kwa nini tunashangilia filamu moja?

Jibu la haraka ni pesa, na ni kweli. Riwaya zetu nyingi zinazopendwa zinatokea zamani, na zamani ni ghali: nguo, magari, sare za polisi, taa za kandili. Vuta N'kuvute yenyewe ilihitaji kushirikiana na watengenezaji wa nje ya Tanzania, Afrika Kusini wakiwemo. Sinema ya Bongo tuliyoizoea ilikua kwa njia nyengine kabisa. Ilitengenezwa kwa siku chache, kwa nyumba na gari vilivyopo, ikauzwa kwa kanda na baadaye DVD mitaani, na ikafika mpaka kwetu huku ikiwa imeshadurufiwa mara tano. Biashara ya namna hiyo haina nafasi ya kumlipa mwandishi wa kitabu na mchapishaji wake kwanza, halafu ndipo ianze kuandika skripti. Ni rahisi zaidi kujitungia kisa asubuhi na kukipiga picha mchana.

Lakini kuna sababu nyengine tusiyoipenda. Tumeifanya riwaya ya Kiswahili kuwa mali ya mtihani. Kenya vikundi vya maigizo huzunguka skuli vikicheza vitabu vilivyowekwa kwenye silabasi, na ukumbi hujaa, lakini wanaojaza ni watahiniwa. Mwaka ukipita na kitabu kikatolewa kwenye orodha, mchezo nao unazikwa. Mtu mzima hafuatwi na mtu akaambiwa, njoo uone kisa ulichokipenda ukiwa na miaka kumi na minane. Baadhi ya walimu tuliowaambia habari ya filamu hii walitikisa kichwa, wanaogopa wanafunzi wataangalia picha na kuacha kusoma. Hofu hiyo tunaiheshimu ila hatuishiriki, na tutaeleza kwa nini hapo chini.

Na hazina ipo. Muhammed Said Abdulla alituachia Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, na rafiki yake Najum, tangu Mzimu wa Watu wa Kale ya mwaka 1960. Mhusika wa aina hiyo kwa Waingereza, Sherlock Holmes, ameshachezwa na waigizaji wasio na idadi. Elvis Musiba alituachia Willy Gamba, ambaye tangu Kufa na Kupona ya mwaka 1974 amewakesheza vijana wa Kariakoo na wa Mombasa kwa mshumaa. Siku Njema ya marehemu Ken Walibora, ya mwaka 1996, inatembea kutoka Tanga hadi Kitale, na barabara yake nzima ni picha. Kuli haihitaji hata mapenzi, bandari na jua la saa sita vinatosha.

Pale sebuleni tuligombana nani acheze Bwana Msa mpaka chai ikapoa, na mpaka leo hatujaafikiana. Wengine wanataka mzee, wengine wanasema hapana, Msa ni mtu wa makamo anayependa kujionyesha mzee.

Ama ile hofu ya walimu, ushahidi wetu ni mdogo lakini ni wa kweli. Kabla ya kuondoka usiku ule, bibi alimuuliza yule mwenye kitabu kilichong'oka jalada ni yapi hasa yaliyokatwa. Mwenzetu akaanza kueleza, bibi akamkatiza, hataki kuelezwa, anataka kusomewa. Tangu hapo kila Jumapili baada ya adhuhuri anampigia simu na kumsomea kurasa kumi. Wameshafika Mombasa. Bwana Raza bibi hamtaki hata kumsikia, na kila jina lake likitajwa anaomba lipitwe haraka. Ila sehemu za Mwajuma anataka zirudiwe.